Kumbikumbi wa Kukaanga Hawaruki

Leo imenyesha tangu alasiri, na ilipokatika tu, kumbikumbi hao. Nimeshawatoa kwenye chai, nimewatoa shingoni, nimewatoa ndani ya daftari hili ninaloandika. Ukurasa wa nyuma una bawa moja limegandia kwenye wino na sina haja ya kulibandua. Sijui kiumbe mjinga kuliko kumbikumbi. Mungu kampa mabawa ya nusu saa, na nusu saa yenyewe hana pa kwenda ila kwenye globu ya taa kujigonga kichwa. Kisha anayavua mabawa mwenyewe, kama mtu anayevua shati ugomvini, na anaanza kutambaa sakafuni bila ya kujua aendako. Ukimkanyaga hutoa harufu. Sisi tuliokulia nyumba za zamani za Kibokoni tunaijua: kama udongo wa kisimani uliochanganywa na mafuta ya jana. Harufu hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako.

Lakini nikimwita kumbikumbi mjinga nitakuwa namwonea. Yeye hajasoma. Nyumba hii ilikuwa na watu wazima, waliohitimu Kurani chuoni, wanaosalimiana kwa utaratibu mpaka mgeni achoke kusimama mlangoni, na msimu mmoja wa vuli wote walikuwa na akili sawasawa na mtoto wa miaka minane. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi, na mimi nina udhuru. Wao sijui watajibu nini.

Tulikaa watatu: Nyanya, Shangazi Rukia na mimi. Baba, ambaye ndiye mtoto wa kwanza wa Nyanya, alifariki sijajua kutembea, na Mama alikuwa Uarabuni akifanya kazi katika nyumba za watu. Nyumba ni hii hii, ya mawe na chokaa, ukuta mnene mpaka mtoto anaweza kulala kwenye kidaka chake, na dari la boriti. Boriti hizo Nyanya alizisifu kuliko alivyowasifu wanawe. Mgeni akiinua macho juu kidogo tu, hata kama anapiga mwayo, Nyanya huanza: "Mkoko huo. Mkoko wa Lamu. Mchwa akiuma hapo, meno yatamwagika." Mgeni husema mashaallah, akanywa kahawa yake.

Chini ya boriti hizo, chumbani, lilikuwapo sanduku la Shangazi. Alikuwa ameposwa, na kazi yake ya kutwa ilikuwa kulilinda. Ndani mlikuwa na doti za leso ambazo hazijaguswa na maji, mashuka, foronya za kudarizi, na kofia aliyomshonea mchumba wake kwa mkono, tundu kwa tundu, mpaka macho yakawa mekundu. Sanduku liliegemezwa ukutani na kufuli juu, na halikufunguliwa, kwa sababu kitu cha harusi kikionwa kabla ya siku yake kinaingiwa na jicho. Kila Alhamisi lilifukizwa udi. Kwa nje. Shangazi alilizunguka na chetezo kama anamzunguka mgonjwa, moshi ukapiga mbao, akaridhika, akaenda zake. Nyuma ya sanduku hapakukosa udongo laini, naye alikuwa akiufagia huku akisema ni chokaa inapukutika. Na ukutani, pale pembeni pa sanduku, ulipanda mstari wa udongo mwembamba kama kidole changu, ukaenda mpaka kwenye boriti. Mimi nilidhani ni mshipa wa nyumba. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mwili una mishipa, na nyumba yetu ilikuwa nzee kama mtu, kwa hivyo sikuona ajabu. Wakati mwingine nikiuwekea sikio nilisikia kitu kikikwaruza ndani, nikasema hiyo ni damu yapita.

Uani kulikuwa na chumba kimoja cha kupangisha, na aliyekaa humo ni Mama Nekesa. Alikuwa karani katika kampuni moja ya malori huko Shimanzi. Alitoka asubuhi amepiga pasi mpaka kitambaa cha mkononi na kurudi jioni viatu vimegeuka rangi kwa vumbi la makontena. Mtu wa bara, Mkristo, mwenye sauti ndogo. Nyanya alimwita "yule mbara" hata akiwa amesimama mbele yake na ndoo. Binti yake Nekesa, rika langu, alikuwa Bungoma kwa nyanya yake, kama mimi nilivyokuwa kwa nyanya yangu, na nadhani ndiyo maana akanichukua. Hesabu ya kugawanya nilifundishwa naye, si skuli. Nilikaa kizingitini kwake na daftari, yeye akipika kwenye jiko la mafuta.

"Kumbikumbi kumi na wawili," alisema, "watu watatu. Kila mtu atakula wangapi?"

"Watu hawali kumbikumbi."

"Kwetu wanakula. Haya, kila mtu wangapi?"

"Wanne."

"Umeona sasa unajua."

Kumbikumbi wenyewe walikuwepo kweli, kwenye mkebe wa maziwa ya unga, dirishani kwake. Mamake alikuwa akimtumia kwa basi kutoka nyumbani: wakavu, wamekaangwa, wametiwa chumvi, weusi na wanono kama punje za kunde. Alikula wachache wachache na ugali, akifumba macho. Mimi hakunipa hata siku moja. "Nyanya yako akijua nimekulisha hawa," alisema, "mimi nitalala barabarani." Alisema kwa kucheka. Nyanya alikuwa ameshatoa hukumu yake zamani, nilipomuuliza: "Nzige twala. Huyo hapana. Na mwenye kuwala mdomo wake hauniambii kitu."

Bila shaka niliwala. Mtoto ukimwambia kitu ni haramu na kinanukia, umemwita. Siku ya Ijumaa Mama Nekesa yuko kazini, mlango wake umerudishwa tu, niliingia, nikafungua mkebe, nikala mmoja. Kisha wanne, fungu langu. Kisha nikaacha kugawanya. Walikuwa watamu, na sitaki mtu aniambie la kusema hapo: watamu kama ngozi ya kuku iliyokaangwa. Ndipo Shangazi akaniita kwa sauti ile ya mara moja tu, nikatoka mbio na chumvi kwenye vidole. Mkebe nikauacha wazi.

Jioni hiyo ikanyesha, ikakatika, na maghribi nyumba ikajaa.

Sijawahi kuona vile tena. Walikuwa kwenye taa, kwenye pazia, kwenye sahani, kwenye nywele za Shangazi aliyepanda juu ya kitanda na kusoma kila dua anayoijua, zikiwemo za safari. Mimi nilisimama katikati nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Kwa sababu nilijua. Nilikuwa nimewafungulia mkebe, na sasa wametoka, wengine wakiwafuata wenzao niliowameza. Kila aliyenitua kifuani nilimwona anasikiliza kama jamaa zake wako humo ndani.

"Funga madirisha, we mwana," Nyanya akasema. "Si wawaona wanaingia?"

Nikafunga madirisha. Nikaziba chini ya mlango kwa matambara. Tukazima taa, tukaweka beseni la maji na mshumaa katikati ili wajitose. Na tulipokwisha kuziba kila tundu, wakazidi. Mtu mwenye akili ya kuku angejiuliza: kama njia zote zimezibwa, hawa wanapita wapi? Hakuna aliyejiuliza. Nyanya alisema sikufunga sawasawa, nikafunga tena madirisha yaliyofungwa.

Mama Nekesa akabisha hodi, bado amevaa nguo za kazi. Hakupiga kelele wala hakujifunika kichwa. Alimchukua mmoja ukutani kwa vidole viwili, akamsogeza kwenye mshumaa.

"Hawa si wa kula," akasema.

"Nani aliyekwambia twataka kuwala?" Shangazi akajibu kutoka kitandani.

"Hapana, dada, nasema si wale wakubwa wa kwetu. Hawa wadogo ni wa mbao. Na mfungue madirisha, mama. Hawa hawaingii. Wanatoka."

Nyanya akageuka polepole. "Wanatoka wapi?"

"Humu. Ukutani." Akaelekeza mshumaa pale kwenye mshipa wangu. Ulikuwa umepasuka, na wao wanabubujika hapo kama maji ya mfereji. "Tusaidiane tusogeze hili sanduku, tuone nyuma."

Shangazi aliruka kutoka kitandani, akakaa juu ya sanduku. Alikaa tu, na kumbikumbi wakamtembelea usoni.

"Mama Nekesa," Nyanya akasema, na alikuwa na adabu mbaya kuliko matusi, "nyumba hii imejengwa na babu yake babu yangu. Kwetu hakutoki wadudu. Wadudu huja. Lala salama."

Asubuhi tulifagia mabawa, ndoo nzima, mepesi kama maganda ya kitunguu. Nyanya alifagia kidogo, akasimama, akafikiri, na ninapomkumbuka anafikiri hunijia hasira mpaka leo. Aliutua ufagio, akaenda uani. Mimi na Shangazi tukamfuata. Ilikuwa Jumamosi, Mama Nekesa anafua. Nyanya aliangalia dirishani kwake, akauona mkebe.

"Na hii ni nini?"

"Ni chakula, mama. Kumbikumbi. Mamangu amenitumia."

Nyanya akamtazama Shangazi. Shangazi akatia mkono mdomoni.

"Na mkebe huu uko wazi tangu lini?"

Mama Nekesa akafuta povu mikononi, akauangalia mkebe, akaona ulivyopungua. Kisha akaniangalia mimi, niliyesimama nyuma ya pipa la maji nikiwa nimeficha vidole mgongoni, kana kwamba chumvi ya jana ilikuwa bado ipo. Nikajua amejua. Ingemtosha kunyoosha kidole. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kimoyomoyo.

"Ni mimi," akasema. "Nilisahau kuufunika."

Alidhani anamfichia mtoto wizi wa kijiko kimoja cha chakula. Angejuaje? Kwa akili zake timamu, angejuaje kwamba hapo amekiri kila kitu?

"Rukia, umesikia kwa masikio yako," Nyanya akasema.

Mama Nekesa akacheka, maskini. Alidhani ni mzaha. "Mama, hawa wamekaangwa. Wana chumvi. Hawana hata mabawa."

"Na yai lina mabawa?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Yai lina mabawa? Na kuku hatoki humo?" Nyanya akajifunga leso vizuri, kama wakili anayekusanya makaratasi yake. "Nimezaa, nimelea, nimezika. Usinifundishe vitu vinatoka wapi. Mwezi ukiandama utafute pahala pengine."

Niliisikia hoja ile ya yai na nikaona ni sahihi kabisa. Nilikuwa na miaka minane. Shangazi alikuwa na ishirini na sita na cheti cha skuli ukutani, naye akaitikia kwa kichwa. Jirani akaja, akaelezwa habari ya yai, akasema hilo nalo neno. Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umekubali kwamba mdudu aliyekaangwa Bungoma, akatiwa chumvi, akasafirishwa na basi la usiku kucha, amefufuka Kibokoni na kuota mabawa. Watu hawa hawa, ukiwaambia samaki wa jana ni wa leo, watakufungulia mashavu ya samaki wakuonyeshe uongo wako.

Wiki zile za kungojea mwezi sikwenda kizingitini kwake. Nilipita uani nikitazama chini. Jioni nilimsikia akipika, na mara moja nikamsikia akihesabu peke yake kwa sauti, sijui alikuwa anahesabu nini. Kila siku nilijiambia nitasema, na kila siku nikaona nikisema nitakuwa nimesema nimekula. Kuliko Nyanya ajue mdomo wangu umekula nini, nilimwacha mtu apoteze nyumba. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, bila ya kufundishwa.

Alipata chumba Majengo. Siku ya kuhama mkokoteni ulisimama mwisho wa kichochoro kwa sababu haupiti, akabeba vitu kimoja kimoja, na hakuna aliyemsaidia. Nyanya alikuwa barazani, akamwambia "Mungu akujaalie" kwa utaratibu wote. Kitu cha mwisho alichotoka nacho ni mkebe. Akanipa mimi, mlango wa uani, watu hawatuoni.

"Usile wote siku moja, utaharisha."

Nikaupokea kwa mikono miwili.

"Na usiogope," akasema, amejiinamisha. "Wa kukaanga hawaruki. Waweke hapo uwaangalie."

Niliwaweka. Alasiri nzima nilikaa darini, pale juu tunapoanikia nguo, mkebe wazi mbele yangu, mpaka adhana ya maghribi. Nikawamwagia maji kidogo, kwa sababu kumbikumbi hupenda mvua. Hakuruka hata mmoja. Walilowa tu. Kwa hivyo nasema ukweli wangu hapa: mimi nilijua kabla ya mtu yeyote wa nyumba hii, na niliteremka nikaosha mikono, nikala wali, nikanyamaza.

Mvua iliyofuata wakaja tena, kwenye mshipa ule ule. Chumba cha uani kitupu, mkebe nimeuficha chini ya godoro. Nyanya alisema: "Ameacha mayai."

Kisha ikafika wiki ya harusi. Kinamama wa upande wa bwana harusi walikuja kutazama vitu, wamejaza chumba kwa mabuibui na asumini. Shangazi alilifukiza sanduku mara ya mwisho, akatoa ufunguo kifuani, akafungua. Leso za juu zilikuwa nzima, rangi zinameremeta. Mmoja wa wageni akasema mashaallah. Shangazi akashika doti ya kwanza kuinyanyua, na kilichonyanyuka ni pindo peke yake. Katikati palikuwa na udongo. Ya pili vile vile. Ya tatu alishika ikapukutika. Akaingiza mikono yote miwili, akawa anachota udongo, na ndani ya udongo, mchwa weupe wanatambaa bila haraka, kama watu wa hapo. Kofia ilibaki duara la juu, kama kifuniko cha chungu. Yule mgeni, kwa mazoea tu, akasema mashaallah tena. Harufu ikapanda: udongo wa kisimani na mafuta ya jana, na juu yake udi.

Aliolewa kwa leso za kuazima. Alilia mpaka wanja ukafika shingoni, na wageni wakasema ni haya ya bibi harusi.

Aliitwa fundi kutoka Majengo. Akagonga boriti kwa mpini wa nyundo, moja moja, nazo zikaitika kama ngoma. "Bibi," akamwambia Nyanya, "hawa wamo humu kabla hata huyu mtoto hajazaliwa." Mama Nekesa alikaa kwetu miezi kumi. Nilingojea Nyanya aigawanye hesabu hiyo. Aliitazama boriti, akamtazama fundi, akasema: "Fundi wa Majengo, utajua nini wewe habari za mkoko?" Na fundi akapaka dawa yake, akaenda.

Nilipofika kidato cha pili nilikwenda Majengo kumtafuta. Niliulizia nyumba tatu, nikaambiwa karani wa Shimanzi alihama zamani, hawajui wapi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri sana. Nikarudi nayo.

Sasa leo. Mgeni amekuja kumwona Nyanya, mvua ikamzuia, na kumbikumbi walipoanza akashtuka, na Nyanya akapata nafasi yake. Hadithi hii huisimulia kila vuli. "Hawa hatukuwa nao kwetu," akasema. "Kuna mbara alituletea, ndani ya mkebe. Akauacha wazi. Muulize huyu, alikuwepo."

Nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa. Mambo haya nimeyabeba tangu darasa la pili, na sijui ni harufu au ni kuchoka, nikasema: "Nyanya, mkebe niliufungua mimi. Na niliwala. Yeye alinifichia tu."

Mgeni akatazama kikombe chake. Nyanya akaniangalia, na kwa muda wa pumzi moja nilidhani kitu kinapita usoni mwake. Kisha akamtoa kumbikumbi kwenye leso, akamfinya.

"Si hoja nani alifungua," akasema. "Hoja ni nani aliyeleta." Akamgeukia mgeni, akamwongezea tende. "Na wewe, usisimame hapo. Funga dirisha, wanaingia."

Nikaiweka sinia. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, mimi ninayewacheka wote katika daftari hili, mimi ninayejua wanatoka ukuta gani na tundu gani. Nikaenda nikalifunga.